Kisasa hiki ni cha lini?

Juzi nimemsikia tena mshehereshaji akitangaza, "Sasa tunawaletea dansi ya kisasa!" Vijana wakapanda jukwaani na amapiano. Walicheza vizuri mno, sina neno. Jina ndilo lililonikera.

Katika shule za dansi, dansi ya kisasa ni mtindo wa jukwaani uliokua Marekani tangu miaka ya 1920 kwa kuipa kisogo bale (ballet), ile dansi ya Ulaya yenye kanuni kali. Mwanadansi Martha Graham, aliyeanzisha kundi lake New York mwaka 1926, alitaka mwendo uanzie kiwiliwilini: umekaa sakafuni, miguu peku, unatoa pumzi, tumbo linazama, mgongo unapinda, ukivuta pumzi unanyooka. Si kujirusha tu. Na ni kisasa chenye umri wa miaka mia.

Lawama ni ya neno lenyewe. Waingereza wana mawili, modern na contemporary, sisi yote tunayatia kapu moja la "kisasa". Lakini na wao wasijidai. Mtindo huu wa Graham ulipotia mizizi London, modern lilishakuwa na wenyewe: wafuasi wa Rudolf Laban, mwalimu wa dansi aliyehamia Uingereza mwaka 1938, walilitumia kwa dansi yao ya kufundishia watoto shuleni.

Kisha kuna Robin Howard, mwenye mgahawa aliyepoteza miguu yote miwili vitani. Aliliona kundi la Graham London mwaka 1954, likamteka. Baadaye akawa anawapeleka Waingereza New York wakajifunze, na mwaka 1966 akafungua shule: London School of Contemporary Dance. Mwaka uliofuata akaja Robert Cohan, aliyekuwa akicheza na Graham, kuongoza kazi yote. Mwaka 1969 wakahamia The Place, jengo ambalo zamani askari walifanyia gwaride.

Basi kwa Mwingereza wa wakati ule, contemporary ilikuwa darasa la Graham, lile lile ambalo Wamarekani waliliita modern! Halafu Richard Alston, mmoja wa wanafunzi wa mwanzo kabisa pale, akavutiwa zaidi na Merce Cunningham, mwanadansi Mmarekani mwenye mtindo wake tofauti na wa Graham, na mwaka 1975 akaenda New York kusoma kwake. Mafunzo yakapanuka, jina likabaki lile lile.

Kwa hiyo, ndugu mshehereshaji, ukipata tena vijana wa amapiano, watangaze kwa jina hilo hilo, amapiano. Makofi watayapata tu.