Oshun si jini mahaba

Mtajie mtu wa pwani roho wa mapenzi, na kitakachomjia kwanza ni jini mahaba: yule anayekuja ndotoni, mwenye wivu, anayewakimbiza wachumba mpaka binti umri unamtupa mkono. Ndiyo maana Oshun, orisha (yaani mmoja wa miungu) wa Wayoruba wa Nigeria, akisimuliwa huku kwetu huvishwa nguo hiyohiyo. Haimkai. Tuzipitie dhana potofu kumhusu, moja baada ya nyingine.

Dhana: ni jini mahaba, humtaka mtu awe wake peke yake. Jini mahaba husemwa kuwa anafunga kizazi. Oshun ndiye anayeombwa watoto. Wanaotafuta uzazi huuendea mto Osun, wenye jina lake, wakachota maji yake. Oshun na jini wanapokaribiana ni kwenye kumpanda mtu. Cuba na Brazil, alikofika pamoja na Wayoruba waliouzwa utumwani, orisha humpanda mtu kichwani, na aliyepandwa huitwa farasi. Sisi tunamwita kiti. Ila farasi wa Oshun hatafutiwi mganga wa kumtoa, amefundwa kumpokea.

Dhana: ni Aphrodite, yule mungu wa kike wa mapenzi wa Wagiriki, ila wa Afrika: uzuri na chumbani basi. Hii ndiyo inayoniudhi zaidi, maana ina ukweli nusu. Kioo anacho, bangili za shaba njano anazo, na rangi yake ni manjano. Lakini sikiliza kisa kinachosimuliwa katika Ifa, elimu ya ramli ya Wayoruba. Olodumare, Mungu Mkuu wao, aliwatuma duniani orisha 17 waitengeneze, 16 wanaume na Oshun peke yake mwanamke. Wale 16 wakakaa vikao vyao bila kumwita. Kila walichogusa kikaharibika. Waliporudi kushtaki, Olodumare aliwauliza swali moja tu: yule wa 17 mmemfanya nini? Ikabidi waende kumpigia magoti. Huyo si pambo la karamu. Utamu wake ndio unaoifanya kazi ya wengine iende, na akiuondoa hakuna kinachosimama.

Wala wema wake usiuchukulie kuwa upole. Wapo wanaosema Oshun hulia akifurahi, na akicheka, jihadhari.

Dhana: asali yake ni limbwata. Asali ni sadaka kwake, si dawa ya kumlegeza mume. Na haimwagwi hivihivi: anayeitoa huchovya kidole, akailamba mwenyewe kwanza, kwa sababu husimuliwa kwamba kuna siku maadui walijaribu kumpa asali yenye sumu. Mwenye kisa hicho kichwani hakimbilii kumtilia mtu kitu kwenye chai.

Dhana: huko Cuba, Oshun ni Bikira Maria kwa jina jingine. Waumini wengi huwaweka pamoja, yeye na Mama wa Upendo wa Cobre, jina la Bikira Maria huko, ambaye Papa alimtangaza msimamizi wa Cuba mwaka 1916 na sikukuu yake ni tarehe 8 Septemba. Lakini Oshun ana visa vya waume na wapenzi, orisha wenzake Shango na Ogun wakiwamo. Kuwaweka pamoja si kuwafanya mmoja.

Dhana: ni habari za kale. Nenda mji wa Osogbo, Nigeria, mwezi wa Agosti, wakati wa tamasha lake. Msitu wake mtakatifu, hekta 75 kandokando ya mto, uliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2005. Kabla ya hapo ulikuwa ukiliwa na wakata miti na wawindaji, mpaka wachongaji wa mjini, pamoja na Susanne Wenger, msanii aliyetoka Austria, wakausimamisha tena kwa masanamu na kuta.

Siku kubwa ya tamasha hutoka arugba, msichana bikira wa ukoo wa kifalme, amejitwika kibuyu kikubwa cha sadaka kilichofunikwa kitambaa. Ngoma zinalia, umati unamsukumasukuma, watu wanamtupia dua zao akipita. Yeye hasemi neno. Kazi yake ni moja: kutoka jumba la mfalme mpaka ukingoni mwa maji, asijikwae.