Acheni Kuhesabu Mizunguko

"Hawa ni wale walioshindwa mashindano. Umeona? Mizunguko miwili tu, tena gizani."

Baba mmoja alimwambia mwanawe hivyo juzi wakipanda ngazi kutoka ukumbini baada ya shoo ya kuteleza kwenye barafu, mimi nikiwa nyuma yao hatua mbili. Sikumjibu. Ngazi zilijaa watu na mtoto alikuwa anasinzia. Lakini hii ni mara ya tatu msimu huu nasikia maneno hayohayo, na safari hii yamenikwama kooni. Niliteleza misimu tisa katika kundi la onyesho la kusafiri. Sasa nafundisha, na bado nakata tiketi kila onyesho linapopita karibu. Basi nayajibu hapa, kwa yeyote anayekwenda kutazama shoo ya barafu huku anahesabu vidoleni mtelezaji amezunguka mara ngapi hewani.

Hilo la "walioshindwa" nalimaliza upesi kwa sababu halina mguu wa kusimamia. Sonja Henie alitwaa dhahabu ya Olimpiki mara tatu, 1928, 1932 na 1936, ndipo akageukia maonyesho. Scott Hamilton alishinda Olimpiki ya Sarajevo 1984, na miaka miwili baadaye akaanzisha onyesho la kusafiri la Stars on Ice. Yuzuru Hanyu, bingwa wa Olimpiki 2014 na 2018, aliaga mashindano Julai 2022, na Februari 2023 akateleza peke yake Tokyo Dome mbele ya watu 35,000. Sisi wa kundi wengi wetu hatukufika Olimpiki, hilo kweli. Lakini hakuna aliyepokelewa bila kusimamishwa mbele ya mkurugenzi na kupimwa miruko, pia na hatua zake. Tuendelee.

Mizunguko miwili. Hapa ndipo damu yangu inapochemka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mchukue mtelezaji mmoja na mruko wake wa Axel ya miwili. Kwenye mashindano taa zote zinawaka, barafu nyeupe pee, ukuta unaonekana pande zote. Uwanja ni mita 60 kwa 30. Amepasha mwili dakika 6 juu ya barafu hiyohiyo, na kona yake ya kurukia anaijua kwa tangazo lililobandikwa ukutani. Sasa mpeleke kwenye shoo. Giza. Ukuta haupo, tangazo halipo. Kuna taa moja inayomfuata kutoka juu kabisa ya ukumbi, na akiigeukia inampiga usoni. Akiwa hewani anaona mwanga, giza, mwanga, giza, yote hayo katika muda usiotimia sekunde moja. Chini yake taa ya buluu imemwagwa, na barafu ya buluu hudanganya: kwangu siku zote ilionekana iko chini zaidi ya ilipo. Unaitafuta kwa mguu, si kwa jicho. Ukiisubiri ionekane, imeshakupiga nyonga.

Halafu nafasi. Jukwaa na pazia vimemeza upande mmoja wa uwanja, na pengine viti vya gharama vimepangwa juu ya barafu yenyewe. Axel inaingiwa ukitazama mbele, kwa kasi, na kasi inataka mita. Ukinyang'anywa mita kumi umenyang'anywa kimo cha mruko.

Halafu barafu yenyewe. Sisi tunaipenda iwe kwenye nyuzi 3 au 4 chini ya sifuri, ilainike kidogo ili makali yashike. Watu wa hoki huiweka baridi zaidi, na barafu ya namna hiyo huvunjika vipande unapochomeka meno ya kiatu, yale ya ncha ya mbele ya chuma. Kumbi nyingi tulizoingia zilikuwa za hoki. Ikifika nusu ya pili, joto la taa na la watazamaji limeilainisha juu, ngumu chini, na njia za wenzako ishirini zimeichora kama ubao wa kukatia mboga. Katika mashindano mashine ya kusawazisha hupita kila baada ya makundi machache. Kwenye shoo inapita kabla, wakati wa mapumziko, basi.

Na kabla ya kuingia umesimama nyuma ya pazia dakika kumi na vazi jepesi, misuli inapoa, ukingoja mwenzako amalize. Kesho hivyohivyo. Keshokutwa mara mbili, mchana na usiku. Ukiumia hulipwi, au nafasi yako inachukuliwa na aliye kwenye orodha ya kungoja.

Ukiyajua hayo, Axel ya miwili iliyotua kimya gizani utaitazama kwa macho mengine. Wapo wanaopiga mitatu na hata minne chini ya taa hizo, nami nawavulia kofia. Ila kutumia hesabu hiyo kama rula ya kumpimia kila mtu ni kutoelewa umekuja kutazama nini.

Sasa niseme jambo ambalo vitabu vya ukocha havilisemi. Sababu zote hizo ni za kweli, na bado kulikuwa na usiku tulipunguza mruko kwa woga, kisha tukauita usanii. Nimekaa kwenye vikao ambapo mkurugenzi anasema "hapa muziki hautaki mruko", na sote tunajua kisichoutaka ni goti la mtu. Hadi leo nikitazama shoo siwezi kuapa kipi ni kipi. Nimewahi kusifia mbele ya wanafunzi wangu nafasi tupu iliyoachwa ndani ya muziki, kumbe mwenyewe alikuwa ameumia kifundo cha mguu asubuhi ile.

Tena hao wanaosema shoo ni mashindano yaliyotiwa maji, wanasahau yale ambayo mashindano yenyewe yaliyakataza. Terry Kubicka alipiga sarakasi ya kupinduka kinyumenyume hewani kwenye Olimpiki ya 1976, na muda si mrefu ikapigwa marufuku. Surya Bonaly aliipiga kwenye Olimpiki ya Nagano 1998 akijua itamgharimu alama, tena akatua kwa mguu mmoja. Shirikisho la kimataifa liliondoa marufuku mwaka 2024. Karibu nusu karne yote hiyo, mahali ulipoweza kuiona bila mtu kukatwa alama ni kwenye shoo. Upo pia ule mchezo wa wawili, mwanamume anamzungusha mwenzake akiwa amemshika vifundo vya miguu, kichwa cha mwanamke kinashuka hadi karibu kiguse barafu, kinapanda, kinashuka tena. Mashindanoni hauruhusiwi. Mimi siupendi, nimeutazama kwa karibu mno mara nyingi mno, lakini asiniambie mtu kwamba ni rahisi.

Basi utazame nini? Makali.

Chuma cha kiatu kina unene wa milimita 4 hivi, na chini kimechimbwa mfereji mdogo, ndiyo maana kina makali mawili, la ndani na la nje. Kila kitu kizuri utakachokiona usiku ule kinatoka hapo. Hadi 1990 mashindano yalikuwa na sehemu ya kuchora maumbo, mtelezaji anachora nane juu ya barafu kwa mguu mmoja, anarudia juu ya mstari uleule, na majaji wanainama kuukagua. Imefutwa, lakini aliyefundishwa kwa njia ile humkosi. Anasukuma mara moja na mwendo haufi. Mwili mzima umelalia upinde, bega, nyonga na kifundo vimenyooka mstari mmoja, na wewe unangoja asukume tena, naye hasukumi. Hesabu hiyo ndiyo ninayoitaka, kama ni lazima uhesabu: anasukuma mara ngapi kabla ya kufika upande wa pili?

Na sikiliza. Muziki ukishuka, tega sikio. Makali yaliyozama yana sauti ya chini, kama mkasi unaopita kwenye kitambaa kizito bila kufunguliwa na kufungwa. Ukisikia krr-krr ya kukwangua, huyo anaegemea meno ya mbele, mwendo anauvunja mwenyewe. Watu hufika na miwani ya kuvutia vitu karibu na kuacha masikio nyumbani.

Halafu kundi. Nisikilizwe hapa, maana ni uchungu wangu wa misimu tisa. Nyota akiondoka barafuni na sisi tukaingia, nusu ya ukumbi huinamia simu. Sasa tazama gurudumu, ule mstari mrefu unaozunguka kama mshale wa saa. Wa katikati karibu anapiga hatua papo hapo. Wa mwisho yuko mita 10 kutoka kitovu, na gurudumu likimaliza duara moja kwa sekunde 12, yeye amekata zaidi ya mita 60, yaani mita 5 kila sekunde, huku mkono mmoja uko begani kwa mwenzake na uso unatabasamu. Hana ruhusa ya kuongeza kasi kidogo wala kupunguza kidogo. Akiwahi, mstari unapinda kama ndizi. Akichelewa, anavutwa mkono, na mvuto huo unasafiri mtu kwa mtu hadi katikati. Mimi nilikuwa wa mwisho misimu minne. Kati ya yote niliyofanya barafuni, hilo ndilo lililoniumiza mapaja na ndilo lililonipa furaha kubwa kuliko yote, pale unapohisi kupitia kiganja cha mkono mmoja tu kwamba watu kumi wanapumua pamoja.

Kwa sababu hiyo, kuhusu viti: msikimbilie wote safu ya mbele. Safu ya mbele ni ya sauti na nyuso, lakini gurudumu utaliona kama msururu wa watu wanaokupita. Mkitaka michoro, kaeni katikati ya urefu wa uwanja, kimo cha kati. Kama pesa inaruhusu kwenda mara mbili, nenda mara moja juu na mara moja chini, hutaamini ni shoo ileile. Vaa nguo za joto. Zima mwako wa kamera, na hili silijadili: mtelezaji aliye hewani tayari ana taa moja usoni.

La maua nalijadili, maana wanaoyarusha wanayarusha kwa mapenzi. Usirushe ua tupu. Petali moja ikibaki, inaganda, na ikiganda gizani haionekani. Chuma kinachopita kasi kikikutana na kitu kilichoganda, kinasimama hapohapo, mwili unaendelea. Mimi sikuangushwa na petali, niliangushwa na pambo la kung'aa lililobanduka kwenye vazi la mwenzangu, dogo kama punje ya dengu. Nilikuwa nateleza kinyumenyume, wala siruki. Nilipigwa mwereka nikatua kwa kiwiko, na nilipokiokota kile kipande nyuma ya pazia kilikuwa bado kina kidonge cha barafu chini yake. Kama una ua, lifunge vizuri lisipukutike, ulikabidhi kwa mkono mwishoni pale wanapopita ukutani, kama ukumbi unaruhusu.

Na piga makofi kwenye upinde mrefu pia. Tunasikia. Mruko ukishangiliwa na hatua zikanyamaziwa, mkurugenzi naye anasikia, na msimu ujao anaondoa hatua.

Yule baba na mwanawe walitoka taa zilipowaka tu. Safari nyingine usitoke. Shuka hadi ukutani, mashine ya kusawazisha inachelewa dakika chache, na barafu bado imeandikwa yote. Tafuta mstari mrefu uliopinda taratibu, mwembamba, unaoishia karibu na tundu moja refu kama lililochimbwa kwa ncha ya jembe. Hapo mtu amepiga mruko uitwao Lutz: ameteleza kinyumenyume kwa makali ya nje ya mguu wa kushoto, akachomeka meno ya kiatu cha kulia, akazunguka kinyume na upinde aliojia. Kinyume hicho ndicho ugumu wake. Uangalie mstari sentimita chache kabla ya tundu. Ukiendelea kupinda upande uleule hadi mwisho, alikuwa mkweli. Ukigeuka upande wa pili dakika ya mwisho, alihama akaingia makali ya ndani, na majaji wangemkata alama. Kisha ruka kwa macho mita mbili, tatu, mahali pasipo na alama yoyote, uutafute upinde wa kutua. Ule wa usiku wa juzi ulianza safi, bila kukwaruza, ukafungua kama mundu hadi karibu na pazia. Mizunguko miwili. Nilisimama hapo hadi mashine ikaja ikaufuta.