Kabla ya kuunda kiboti cha plaiwudi, chemsha kipande

Wanaotaka kujiundia kiboti cha kufunga juu ya keria ya gari hadi Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, huniuliza vipimo kwanza. Mimi nawarudisha kwenye plaiwudi. Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi hapa Mbeya ukaomba inayostahimili maji, mara nyingi utaonyeshwa marini bodi, ile inayong'aa ya kumwagia zege. Iache. Ikiwa ya milimita 18, shiti moja ya futi 8 kwa 4 huwa na kilo 30 hivi, na ule utando wake haushiki gundi. Kiboti cha kubebwa na watu wawili kinataka milimita 6, ambayo shiti yake ni kama kilo 10.

Sasa ipime gundi yake. Kata kipande cha ukubwa wa kiganja, kichemshe saa 4 mfululizo. Huku kwetu, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 tu, kwa hiyo mimi huongeza muda. Kikishakauka, penyeza ncha ya patasi kati ya tabaka. Gundi ikiwa nzuri, nyuzi za mti zitachanika kabla tabaka hazijaachia. Zikifunguka kama kurasa za kitabu, hiyo tengenezea kabati. Kagua na kingo: tundu lolote kati ya tabaka ni mahali pa maji kujificha na kuozesha.

Kuunga ni kushona. Toboa matundu ya milimita 2 kila baada ya sentimita 15, pitisha waya wa shaba uliochunwa kwenye nyaya za taa, sokota kwa koleo mpaka kingo zikutane. Njia hii ilipata umaarufu kwa kiboti cha Mirror, Uingereza, 1963. Kisha koroga epoksi, gundi ya maji ya kuchanganya sehemu mbili, na vumbi laini la mbao, jaza kona za ndani, lalia utepe wa fiba. Fundi wa bampa atakushauri gundi ya poliesta, ile anayotumia kwenye fiba, kwa kuwa ni nafuu. Kwenye mbao hubanduka. Juni na Julai gundisha asubuhi jua likishapanda, tena ndani, maana baridi ya usiku huichelewesha epoksi kukauka.

Ziba vyumba vya hewa mbele na nyuma, ili kikijaa maji kisizame. Na kusi ikivuma Ziwa Nyasa, kati ya Mei na Agosti, usikitoe mbali na ufukwe, na kila anayepanda avae jaketi la kuokolea.