Shaka si wasiwasi, wala si kuritadi

Mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, magunia ya dagaa yanapopakiwa kwenye malori, habari za watu husafiri upesi kuliko mzigo. Mama lishe akikosekana kanisani Jumapili tatu, walokole wenzake watasema "amepoa" au "amerudi nyuma". Kijana akiacha swala ya Ijumaa ataambiwa imani imemtoka, na mwenye ulimi mkali atamaliza kabisa: ameritadi, yaani ameiasi dini. Labda mama yule anauguza mtoto hospitali ya Bugando. Labda kijana kabanwa na kazi. Na labda kweli kuna swali ndani yao ambalo halijapata jibu. Hilo la mwisho tu ndilo linaloitwa shaka.

Shaka ni hali ya akili kusimama kati ya ndiyo na hapana, bila uzito wa kutosha kuiangusha upande mmoja. Kinyume chake ni yakini. Mafakihi, wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, wana kanuni kwamba yakini haiondolewi na shaka: ukiwa na hakika ulitia udhu, kisha ukashuku kama umetenguka, udhu wako bado upo. Kanuni hiyo ni ya hukumu za ibada, lakini mimi naiona inatufaa hata nje ya msikiti. Kushuku kitu bado si kukiacha.

Wasiwasi ni jambo jingine. Neno hilo limo katika Surat An-Nas, sura ya mwisho ya Qurani, likihusu mnong'ono wa shetani. Sisi tumelishusha mpaka kwenye ada ya shule na mtumbwi uliochelewa kurudi. Mwenye wasiwasi hutawadha mara tano na bado haridhiki. Hana swali, anatafuta utulivu. (Mashaka, kwa maana ya taabu, yana asili yake nyingine ya Kiarabu, ingawa wenye shaka wengi huyaonja yote mawili.)

Waumini huambiana kwamba shaka ni ya watu wachanga wa imani. Vitabu vyao havisemi hivyo. Katika Marko 9:24 baba wa mtoto mgonjwa anamlilia Yesu: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Mambo mawili kwa pumzi moja, na mtoto anaponywa. Al-Ghazali, mmoja wa wanazuoni wakubwa wa Uislamu, alisimulia mwenyewe kwamba kwa karibu miezi miwili alitilia shaka hata macho yake na akili yake. Alitoka humo, asema, si kwa hoja alizopanga bali kwa nuru ambayo Mungu aliitia kifuani mwake. Mtu huyo huyo, mwaka 1095, aliacha kiti chake cha ualimu Baghdad akiwa kwenye kilele cha sifa.

Sasa, kubadili itikadi. Neno itikadi lina mzizi mmoja na akdi, ile ya ndoa, na mzizi huo kwa Kiarabu ni kufunga fundo. Anayeshona nyavu atalielewa hili bila kufafanuliwa: fundo moja likilegea, wavu bado unavua. Mtu huendelea kusali miaka mingi huku mafundo yakiachia moja moja, na siku anapotamka kwamba ameacha, jirani hudhani kageuka jana. Wala tukio moja haliwasukumi watu wote upande mmoja. Meli ya MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996, msiba ule ungeweza kumfanya mfiwa mmoja apige magoti na mwingine asipige tena, wakiwa wamesimama kwenye makaburi yale yale ya Igoma, Mwanza, walikozikwa waliozama.

Na asiyeamini Mungu? Kiswahili hakikumtendea haki. "Mkana Mungu" ni kama mtu anayemjua baba yake kisha akamkana mbele za watu, wakati yeye anasema tu kwamba hajaona sababu ya kusadiki. Naye pia hushuku. Mwanafalsafa Mwingereza Antony Flew, mtoto wa mchungaji wa Kimethodisti, alitetea kutokuamini kwa zaidi ya miaka hamsini, kisha mwaka 2004 akatangaza kwamba sasa anakubali kuna Mungu aliyeanzisha ulimwengu. Hakuwa Mkristo wala Mwislamu. Aliishia kwenye Mungu wa wanafalsafa. Waumini walishangilia mno, na waliokuwa wenzake wakasema ni uzee. Sioni upande wowote uliomsikiliza vizuri.

Lakini tusimhesabie mtu shaka kwa ulimi wake. Kijana wa Mwanza asiyeamini chochote bado atajibu "namshukuru Mungu" ukimuuliza hali, na mtumbwi ukiyumba karibu na Ukerewe ataita "Mungu wangu!" Hiyo ni lugha aliyonyonya.

Kosa la kinyume nalo lipo. Vijijini Usukuma, mzee akiulizwa dini anaweza kujibu bila aibu, "Mimi mpagani," au "sina dini." Mgeni atamweka kwenye kundi la wasioamini. Muulize tena, taratibu, ni nani alileta mvua mwaka huu. Atakutajia Mungu, kisha mababu zake, na atakushangaa kwa kuuliza. Alichokosa ni ubatizo wa Wakristo na shahada ya Waislamu tu.