Bolti iliyogandia kwenye mguu wa mashine ya boti

Juzi kijana mmoja wa Kizingitini aliniletea mashine ya boti ya nguvu ya farasi 40 hapa nyumbani, Langoni, mjini Lamu. Ilikuwa haikojoi: maji ya kupoza yalitoka kwa matone, na mashine ikipanda joto katikati ya safari. Impela ya pampu ya maji, yaani kigurudumu cha mpira kinachosukuma maji, imekwisha. Kuibadilisha ni kazi ya saa moja, ilimradi mguu, ile sehemu ya chini ya mashine yenye propela, ukubali kushuka.

Haukukubali. Bolti mbili zilifunguka, nyingine hazikutikisika.

"Ami, tia bomba kwenye spana, tuvute wawili," akaniambia.

Nikamkatalia. Nimeona miguu mingi iliyoharibiwa na bomba hilo, na inaniuma, maana mguu mpya ni pesa nyingi kwa mvuvi.

Bolti zile hazikugandia kwa sababu ya kukazwa sana. Bolti ni stenlesi, mguu ni aluminiamu. Madini haya mawili yakigusana ndani ya maji ya chumvi hufanya kazi kama betri, na inayoliwa ni aluminiamu. Inageuka unga mweupe, na unga huo unataka nafasi kubwa kuliko aluminiamu ilivyokuwa nayo mwanzo. Hauna pa kwenda, basi unajishindilia kwenye meno ya bolti. Ukiongeza bomba, unachosokota ni shingo ya bolti tu, na bolti ya milimita 8 hukatika upesi.

Kwa hiyo jioni ile nilitia mafuta tu. Nachanganya mafuta ya giaboksi ya otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu, nikitikisa chupa kila mara kwa sababu havikai pamoja. Asetoni huyafanya mepesi yapenye. Nilipiga kichwa cha kila bolti kwa nyundo ndogo, wima, mara kumi na tano hivi. Mishindo hiyo hupasua unga na kuyafungulia mafuta njia. Nikaacha hadi asubuhi.

Asubuhi ndiyo ya moto. Kwanza nilimwaga mafuta ya gia, nikapeleka petroli mbali, nikafuta mchanganyiko wote na kuacha upepo uukaushe, kwa kuwa asetoni hurukia moto haraka sana. Kisha nikapasha aluminiamu inayoizunguka bolti, si bolti yenyewe. Hapa wengi hukosea. Aluminiamu hutanuka karibu mara moja na nusu kuliko stenlesi, kwa hiyo tundu linapanuka zaidi ya bolti iliyomo. Ukipasha kichwa cha bolti peke yake, unaikaza.

Jihadhari: aluminiamu haiwi nyekundu kukuonya. Huyeyuka kwenye nyuzi 660, na ile ya kuchanganywa huyeyuka mapema zaidi, huku bado ina rangi yake ileile. Mimi napaka mche wa sabuni pembeni. Sabuni ikianza kuwa kahawia, nimeshapita nilipotaka. Kipimo changu ni tone la maji: likichemka na kukauka, bado kidogo, likikimbia kama lulu, ni takriban nyuzi 200, inatosha. Sili za mpira zilizo karibu zihesabu kuwa zimekwenda, nunua mpya.

Ikiwa moto, nagusisha mshumaa kwenye ukingo wa bolti. Nta huyeyuka na kunyonywa ndani ya meno. Halafu soketi ya pembe sita, kwani ile ya pembe kumi na mbili hula kichwa. Kaza kwanza, kidogo tu. Ukisikia mlio mkavu, "tak", unga umevunjika. Legeza robo, rudisha, legeza tena. Ikigoma, usishindane nayo. Iache ipoe na upashe upya. Moja ya kijana yule ilitaka mizunguko minne.

Ya mwisho ilikatika kichwa, ikabaki kipande cha urefu wa kucha nje. Sikuingiza kitoleo cha kupigilia, kile cha kutolea bolti iliyokatika, kwa kuwa ni chuma kigumu, kikikatika ndani keekee haikitoboi. Nilivika nati juu ya kipande, nikachomelea kwa ndani. Joto la kuchomelea likamaliza kazi: ilitoka kwa spana ya kawaida, na unga mweupe ukamwagika mezani kama chokaa.

Mashimo niliyasafisha kwa tapu, chombo cha kuchongea meno ya bolti, bolti mpya nikazipaka grisi ya baharini hadi shingoni, na nikafunga kipande kipya cha zinki, kwa sababu kile cha zamani kilikuwa kimeliwa chote, na zinki ndiyo inayopaswa kuliwa badala ya mguu. Nimemwambia azifungue na kuzipaka grisi upya kila mwaka, mashine inapopandishwa wakati wa upepo wa kusi.