Nyoka ashapondwa kichwa ndo unaniuliza ana sumu?

Msimu wa korosho ukianza, mwezi wa kumi hivi, simu yangu inajaa picha za nyoka, Tandahimba, Newala, Nachingwea huko, na karibu wote washapondwa kichwa halafu ndo mtu anauliza, mtaalamu, huyu ana sumu? Sasa kichwa chenyewe hakipo, nakwambiaje.

Nyoka wengi hawana sumu ya kumdhuru mtu. Duniani kuna aina kama 4,000, wenye sumu ni kama 600, na wa kuua au kuacha kilema ni kama 200. Kinachotuponza ni kanuni za mtaani, eti kichwa cha pembetatu ndo sumu, mwembamba hana neno. Koboko kichwa chake ni kirefu chembamba na hakuna wa kumtania. Halafu kuna nyoka mla mayai, meno ya maana hana kabisa, ila ukimkorofisha anabapa kichwa na kusugua magamba mpaka yanalia kama kifutu (yule nyoka mnene mwenye sumu kali), basi anapigwa rungu bure maskini.

Wa kijani ndo kabisa. Kuna wa kijani wasio na sumu wanaokula vyura, na kuna grini mamba wa kwenye miembe na mikorosho (jina mamba ila sio yule wa mto Ruvuma), ukiwa chini ya mti huwezi kuwatofautisha. Wazee wa Liwale na Newala watamkumbuka Ionides, yule Mwingereza waliyemwita Bwana Nyoka, alikamata grini mamba wengi mno Newala, na pamoja na ujuzi wote nyoka walishamng'ata zaidi ya mara moja.

Chicago mwaka 1957, Karl Schmidt, bingwa wa nyoka kabisa, aliletewa bumslangi mdogo (nyoka wa mitini mwenye sumu) amtambue, akang'atwa kidole gumba. Akaona si kitu, akarudi nyumbani akawa anaandika anavyojisikia, kesho yake akafa kwa kuvuja damu. Sumu ya bumslangi inachelewa masaa, na huku kwetu tunao.

Ila kwa waokota korosho mi naogopa kifutu zaidi, maana huyo hakimbii, analala kwenye majani makavu kafanana nayo, unapeleka mkono. Fagia majani kwa kijiti kwanza, vaa buti, usiku tembea na tochi.

Jiwe la nyoka sasa, lile linalobandikwa kwenye jeraha eti linavuta sumu. Linasifiwa kwa sababu wengi wanang'atwa na nyoka asiye na sumu, au mwenye sumu kang'ata bila kuimwaga, hapo hata ukibandika ganda la korosho utapona tu. Siku sumu imeingia kweli jiwe halifanyi kitu na muda ushapotea.

Uking'atwa vua pete, bangili, viatu, funga kijiti mguu usitikisike kama uliovunjika, bodaboda mpaka hospitali huku mmoja kakushikilia kwa nyuma. Usichanje wembe, usikaze kamba, petroli iache kwenye pikipiki. Nyoka msimfukuze, picha ya mbali inatosha, na bila picha daktari atatibu kwa dalili. Hata kama unajisikia mzima nenda, ukae pale uangaliwe. Na swila akikutemea sumu machoni usifikiche, osha kwa maji mengi dakika 15 au 20, maji hamna hata maziwa yanafaa, halafu ndo uende hospitali.