Cy Young: yanayosemwa na yaliyotokea

Kila mwaka warushaji bora wa besiboli ya Marekani hupewa tuzo ya Cy Young, iliyopewa jina la mrushaji wa zamani, na wengi hudhani Young mwenyewe aliwahi kuinyakua. Hakuwahi. Alifariki Novemba 1955, tuzo ikaanzishwa 1956 kwa heshima yake.

Inayoniudhi zaidi ni dhana kwamba alishinda mechi 511 kwa kuwa zamani mrushaji, yule anayemtupia mpira mpigaji wa timu pinzani, alisimama karibu naye mno. Ni kweli alianza katika timu ya Cleveland mwaka 1890 chini ya sheria hiyo. Lakini mwaka 1893 mrushaji alirudishwa nyuma hadi futi 60 na inchi 6, yaani mita 18.44, na msimu huohuo Young alishinda mechi 34. Aliendelea kurusha hadi 1911. Tena hata hizo "futi 10 zilizoongezwa", zinazotajwa kana kwamba umbali ulitoka futi 50 hadi 60, zimetiwa chumvi: futi 50 za awali zilipimwa hadi mstari wa mbele wa kisanduku alichosimama mrushaji, ilhali mguu wa nyuma wa mrushaji ulianzia futi 55 na nusu. Tofauti halisi ni kama mita moja na nusu.

Wapo pia wanaodhani hakuwa akifungwa. Rekodi ya kupoteza mechi nyingi zaidi nayo ni yake, zaidi ya 310. Mimi naiona kuwa sifa, maana hakuna timu inayoendelea kumkabidhi mpira kwa misimu 22 mtu isiyemwamini. Mechi 749 alizimaliza mwenyewe, bila mwenzake kuingia kumpokea.

Tarehe 5 Mei 1904, akiichezea timu ya Boston akiwa na umri wa miaka 37, wapigaji 27 wa Philadelphia Athletics walikuja na kurudi, hata mmoja asifike besi ya kwanza. Wa mwisho alikuwa Rube Waddell, mrushaji wa wapinzani. Mpira wake ukadakwa uwanja wa kati, Boston 3, Philadelphia 0. Hata hivyo haukuwa mchezo kamili (ule ambao hakuna mpigaji anayefika besi) wa kwanza katika historia: Lee Richmond na John Ward walifanya hivyo mwaka 1880, kwa sheria za wakati wao.

Wala hakuwa miongoni mwa watano wa kwanza kuchaguliwa kuingia Jumba la Umaarufu la besiboli mwaka 1936. Kura zake ziligawanyika kati ya orodha ya wachezaji wa karne ya 19 na ile ya karne ya 20, akapita 1937.